Kwa nini Mto Kongo haukauki, na kwa nini meli haziufuati hadi baharini

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni nchi ya pili kwa ukubwa barani Afrika baada ya Algeria, ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo milioni 2.3. Tukiitazama kwenye ramani, tunaona umbo la bakuli. Katikati ni bonde tambarare lenye msitu mnene. Kusini ni nyanda za juu za Katanga zenye shaba. Mashariki ni milima ya Ruwenzori, volkano za Virunga na maziwa ya Bonde la Ufa.

Maji ya bakuli hilo hukusanywa na Mto Kongo, wenye urefu wa kilomita zipatazo 4,700. Mto huu huvuka Ikweta mara mbili, hivyo mvua zikipungua kusini, kaskazini huwa zinanyesha. Ndiyo maana maji yake hayapungui sana mwaka mzima.

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa, boti husafiri kilomita zipatazo 1,700 bila kukutana na maporomoko. Lakini baada ya Kinshasa mto huteremka kwa maporomoko mfululizo hadi Matadi. Kwa hiyo bidhaa zinazotoka bandarini hupakiwa kwenye malori au kwenye reli iliyokamilika mwaka 1898, na gharama hiyo humfikia mnunuzi sokoni.

Hata hivyo, mteremko huohuo ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Inga, ambayo bwawa lake la kwanza lilianza kazi mwaka 1972.