Miwani ya Uhalisia Pepe katika Darasa la Unyambwa: Makala ya Pili

Makala iliyotangulia iliishia penye swali ambalo walimu wengi wamelitaka lijibiwe waziwazi: ikiwa miwani ya uhalisia pepe inaweza kumtia mtoto mahali asipopata kufika maishani mwake, akageuza shingo akaona yaliyo nyuma yake, akainua uso akaona yaliyo juu yake, na kwa kitambo kidogo akasahau kwamba amekaa juu ya dawati, je, yafaa iingizwe katika madarasa ya kata kama Unyambwa, ndani ya Manispaa ya Singida, karibu kilomita 700 kwa barabara kutoka pwani, ambako aghalabu mwanafunzi husoma habari za bahari na za moyo wa mwanadamu kwa kutegemea mchoro wa kitabu na chaki ya mwalimu? Jawabu langu ni kwamba yafaa, lakini kwa masharti. Na masharti hayo hayapatikani katika matangazo ya wauzaji bali katika tarikhi ya nchi hii, ambayo imekwisha kupokea vyombo vya ajabu vya kufundishia zaidi ya mara moja, ikaona kipi kilizaa na kipi kilikauka.

Kwa faida ya aliyeikosa makala ya kwanza nitakariri machache. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alidhihirisha kwamba picha mbili zilizochorwa kwa tafauti ndogo, moja ikaonyeshwa jicho la kulia na nyingine la kushoto, huunganishwa na akili zikawa umbo moja lenye kina. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland aliziweka picha za namna hiyo mbele ya macho kwa nguvu za kompyuta, zikibadilika kila mtazamaji alipogeuza kichwa, katika chombo kizito kilichobidi kutundikwa darini. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kijisanduku cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili, cha bei ndogo, ambacho mtu hutia simu janja ndani yake akatazama, na mwaka uliofuata ikawatangazia walimu programu ya Expeditions ya kuwasafirisha wanafunzi kwa macho. Programu hiyo ilifungwa mwaka 2021, na shule zilizokuwa zimepanga masomo yao juu yake zikaachwa zitafute njia nyingine. Mwenye shule na akumbuke jambo hili kila anapoonyeshwa chombo kipya, maana hazina ya picha iliyo mikononi mwa kampuni ya mbali huweza kuondolewa kwa uamuzi ambao yeye hakushauriwa.

Sasa tuitazame tarikhi. Mwaka 1935, pale Vugiri katika milima ya Usambara, palianzishwa jaribio la kuwafundisha Waafrika kwa sinema, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha zilizotoka hasa katika shirika la Carnegie la Marekani. Filamu zilipigwa hapo hapo Tanganyika na watu wa hapo hapo wakaigiza: moja ilieleza safura, nyingine mmomonyoko wa udongo, nyingine zao la chai, nyingine kodi, nyingine faida ya kuweka akiba posta. Maneno yake hayakuwamo katika utepe wa filamu bali yalitiwa katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kuambatana na lugha hii au ile kulingana na watazamaji. Kisha mtambo ukapakiwa katika lori, ukazungushwa katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati, watu wakakusanyika usiku kutazama. Fedha za wafadhili zilipokwisha, jaribio likakoma mwaka 1937.

Nimekaa juu ya habari ya Vugiri kwa sababu kila kinachosemwa leo katika kuisifu miwani ya uhalisia pepe kilikwisha kusemwa wakati ule katika kuisifu sinema: kwamba jicho hufahamu upesi kuliko sikio, kwamba asiyejua kusoma ataelewa, kwamba mwenye kuona hasahau. Wala maneno hayo si uongo. Walakini walioamua nini kionyeshwe na nini kiachwe walikuwa wageni, na lori lilipoondoka kijijini liliondoka na somo lote, lisiache kitabu wala mtu wa kuuliza wala kikao cha kuyazungumza yaliyoonekana. Hata wazo jema la kuyatenga maneno na picha, ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo lililokuwa na busara kuliko yote ya Vugiri, lilikwenda na waliolibuni.

Linganisha na mwaka 1973. Katika mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilisimamia kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo chombo chake kikuu kilikuwa redio, yaani sauti tupu isiyokuwa na picha, na hata hivyo watu wapatao milioni mbili walishiriki nchi nzima. Siri haikuwamo katika redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa mapema, na idadi ya viongozi hao ilifika makumi ya maelfu. Kilikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi. Wanakikundi walisikiliza kipindi pamoja, wakasoma pamoja, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu kama walivyovijua katika nyumba zao wenyewe, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. Chombo kilikuwa hafifu kuliko sinema ya Vugiri, na taathira yake ikaipita mbali, kwa kuwa palikuwa na watu kabla yake na kazi baada yake.

Yuko atakayenipinga kwa mfano wa Tanga, na mfano huo una haki ya kusikilizwa. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, lililofanyiwa majaribio yake katika vijiji 170 vya mkoa huo hadi mwaka 2019, watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiopata kwenda shule kabisa, walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili na hesabu, vikachajiwa kwa umeme wa jua, wakaachwa wajifunze bila ya mwalimu kwa miezi 15. Zaidi ya tisa katika kila watoto kumi walikuwa hawawezi kusoma hata neno moja. Muda ulipotimia, idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua kwa nusu. Ni jambo la kushukuriwa, nami nalishukuru. Lakini tutazame kilichofanya kazi: kishikwambi kilisema na mtoto kwa lugha aijuayo, kikakariri bila ya kuchoka, kikamtaka ajibu, kikamrudisha alipokosea. Picha nyingi za uhalisia pepe hazifanyi hata moja katika hayo. Humzungusha mtoto katika maajabu, na zinapokwisha hazimwulizi kitu. Fauka ya hayo, nusu ile iliyobaki bila ya kusoma ilikuwa ikimngoja mtu.

Na wataalamu waliopima jambo hili kwa mizani ya ilimu wamekuta yaleyale. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti wa Denmark ambao wanafunzi wa chuo kikuu 52 walifanya somo la maabara ya kuigizwa, mara kwa kioo cha kompyuta na mara kwa miwani: wenye miwani walijiona wamo hasa ndani ya maabara, lakini walijifunza kidogo kuliko wenziwao, akili ikiwa imelemewa na yale ya kutazamwa. Mwaka mmoja kabla yake Jocelyn Parong na Richard Mayer wa California walikuwa wamewafundisha wanafunzi somo la baiolojia. Waliotazama kurasa za kawaida katika kompyuta waliwashinda waliovaa miwani. Katika jaribio la pili palifanywa jambo moja dogo, nalo ni kuwasimamisha baadhi ya wenye miwani baada ya kila sehemu na kuwataka waandike kwa maneno yao wenyewe waliyoyaona. Waliofanya hivyo walijifunza vizuri kuliko wenye miwani walioachiwa watazame moja kwa moja, wala furaha yao haikupungua. Kalamu na karatasi ndizo zilizoikamilisha miwani, na hizo Unyambwa zinapatikana.

Basi miwani itumike kwa somo gani? Kanuni yangu ni kwamba itumike kwa kile ambacho hakifikiwi kwa mguu, wala kwa mkono, wala kwa jicho lenyewe. Mfano ulio bora katika nchi nzima uko Laetoli, katika eneo la Ngorongoro, ambako kikosi cha Mary Leakey kiligundua mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita, katika majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Nyayo hizo zilifukiwa tena ili zisiharibiwe na mvua na mizizi ya miti. Mwaka 2011 zilifunuliwa kwa muda mfupi, Rais Kikwete akazitazama, kisha zikafunikwa. Hata aliye tajiri wa nauli hawezi leo kwenda kuziona. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walikwisha kuzipima na kuzipiga picha zenye vipimo vya kila kina na kila ukingo, na kwa vipimo vya namna hiyo mtoto wa Unyambwa anaweza kuwekwa kando ya nyayo zile kama aliyesimama juu ya majivu yenyewe, aone jinsi kisigino kilivyozama na jinsi kidole gumba kilivyosukuma. Hapo miwani haikuchukua nafasi ya kitu kingine chochote. Vivyo hivyo moyo unaopiga, ndani ya chembe hai, sakafu ya bahari, na kumbi za Husuni Kubwa kule Kilwa Kisiwani kabla hazijawa magofu.

Lakini nikiona mwalimu wa Singida akiwavisha watoto miwani wakatazame korongo wa nchi za mbali katika maji ya nchi za mbali, ilhali Ziwa Singidani limo katika manispaa yao wenyewe, na maji yake ya chumvi, na heroe wanaotua humo, nitasikitika. Alizeti inachanua shambani mbele ya shule. Mawe makubwa ya matale, ambayo ni ukurasa mzima wa jiografia, yamesimama kila upande. Na mtoto aliyeyapanda tangu utotoni hahitaji kifaa cha kumwonyesha jiwe, anahitaji mtu wa kumweleza limetoka wapi. Kadhalika maabara. Agizo lililotolewa wakati wa Rais Kikwete, kwamba kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia, lilizaa majengo mengi mnamo miaka ya 2014 na 2015, na mengine yalikawia kupata vifaa. Maabara ya kuigizwa katika miwani yaweza kumzoeza mwanafunzi hatua za kazi na kumwonya juu ya hatari ya asidi kabla hajaishika. Ikigeuzwa kuwa hoja ya kutonunua mirija na kemikali, itakuwa imeidhulumu ilimu yenyewe, kwani mkono haujifunzi kwa kutazama.

Mambo ya matumizi nitayapitia upesi. Baadhi ya watoto hupata kizunguzungu, kwa kuwa macho huona mwendo ambao masikio, yenye mizani ya mwili, hayausikii. Kwa hiyo vipindi viwe vya dakika chache, mtazamaji akae kitako, na miwani ifutwe kabla ya kupita uso mwingine. Wadogo wa madarasa ya chini wasivishwe. Watengenezaji wenyewe huweka mpaka wa umri. Wala darasa la watoto wengi halihitaji miwani mingi: mmoja hutazama na kueleza, wenziwe huandika na kuuliza, kisha hupokezana, na mazungumzo hayo yana faida kuliko kila mmoja kufungiwa peke yake katika ulimwengu wake. Fauka ya hayo, baada ya Sensa ya mwaka 2022 vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Kishikwambi chenye kihisi cha mwendo, ambacho mtu hukizungusha mkononi picha nayo ikazunguka, hutoa sehemu kubwa ya faida ya miwani pasipo kununua miwani. Mwalimu na aanze na hicho alichonacho.

Jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko hayo yote ni nani anayezitengeneza picha, na zinasema kwa lugha gani. Mwanafunzi wetu wa msingi husoma kwa Kiswahili, na masomo mengi ya uhalisia pepe yaliyoko sokoni husema Kiingereza. Kumvisha mtoto miwani inayosema naye kwa lugha asiyoielewa ni kumrudisha kwenye lori la Vugiri, tena bila ya sahani zake za santuri. Wala kazi ya kutengeneza haituzidi uwezo. Huko Unguja, katika mradi uliojulikana mwaka 2019 kwa jina la Project Zanzibar, wapiga picha watatu wa kigeni waliungana na Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar, wakawafunza wanafunzi wa chuo hicho kutumia kamera ya nyuzi 360, na vijana hao wakaanza kuipiga picha nchi yao wenyewe, barabara kwa barabara, wakaziweka picha hizo katika ramani ya ulimwengu ambayo kabla ya hapo haikuwa nazo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa walimu na wazazi wa Unyambwa ni kwamba fedha ya kwanza itakayopatikana isinunue miwani bali kamera moja ya namna ile, itumiwe kwa zamu na shule kadhaa za manispaa, na wanafunzi wa madarasa ya juu waende nayo Singidani, na kwenye kinu cha kukamua alizeti, na kwa mzee ajuaye jinsi mtama na uwele vilivyohifadhiwa zamani za njaa, wapige picha na kutia maelezo kwa Kiswahili chao. Kisha wazipeleke picha hizo kwa shule moja ya Kilwa, na kuwaomba wenziwao wawaletee bahari. Jinsi kazi hiyo ifanywavyo, tangu kuisimamisha kamera juu ya jiwe kando ya ziwa hata kuiunganisha sauti ya msimulizi na picha, ndiyo itakayokuwa habari ya makala ya tatu.