Mifupa ya Peggy Whitson haikukosa supu

"Daktari, si wangempa kalsiamu tu?" Swali hili limenifuata kliniki, harusini, na juzi kwenye foleni ya benki, kila ninapomtaja mwanaanga Peggy Whitson na mifupa inavyopungua angani. Wajuzi zaidi hunitajia na dawa yenyewe: supu ya makongoro. Leo nilimalize.

Whitson ni Mmarekani, mtoto wa wakulima wa Iowa, mwenye shahada ya uzamivu ya baiokemia. Aliomba uanaanga kwa takribani miaka 10 akikataliwa, hadi NASA ilipomchukua mwaka 1996. Ameruka mara 5 tangu 2002, ya mwisho mwaka 2025 akiwa na miaka 65. Jumla, siku 695 angani. Mtu wa namna hiyo hakosi kidonge cha kalsiamu.

Mfupa hubomolewa na kujengwa kila siku. Seli za kubomoa hazilali. Za kujenga husubiri zisikie uzito. Angani nyonga hazibebi kitu (mvutano wa dunia upo, jamani, karibu asilimia 90 ya huu wetu, ila kituo cha anga na waliomo wanaanguka pamoja, ndiyo maana hakuna anayekandamizwa). Bila mazoezi ya kutosha, mwanaanga hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kwa mwezi. Huku kwetu, mama aliyekoma hedhi hupoteza kiasi hicho kwa mwaka.

Kalsiamu iliyobomolewa huingia kwenye damu, kisha kwenye mkojo. Na kwa kuwa damu tayari inayo, utumbo hupunguza kufyonza ile ya chakula. Kumwongezea vidonge ni kumwaga kokoto kwenye kiwanja ambacho fundi hajafika, na kokoto zenyewe zaweza kuhamia kwenye figo. Whitson analijua hili kuliko mimi: alikuwa kiongozi wa utafiti wa mawe ya figo kwa wanaanga. Utafiti huo uliendelea kituoni yeye akiwamo mwaka 2002. Wanaanga walimeza vidonge, vingine vya sitreti ya potasiamu na vingine visivyo na dawa, wakakusanya mkojo wa saa 24, wakaandika kila walichokula na kunywa. Sitreti huishika kalsiamu isigande kuwa mawe. Yaani bingwa wa baiokemia alihangaika na kalsiamu iliyozidi kwenye mkojo, nanyi mnataka nimwongezee.

Makongoro sasa. Ule utelezi ni jelatini, protini ambayo tumbo huisaga kama protini ya maharage. Haina njia ya mkato ya kwenda gotini. Kalsiamu nayo haitoki kirahisi kwa kuchemshwa; kesha na jiko ukitaka, asubuhi mfupa uko sufuriani, mgumu vilevile. Mzee aliyenihakikishia kwamba supu "inarudisha ute" alikuwa ametoka kulala kitandani wiki 6 kwa homa iliyokwisha wiki ya pili. Wanawe walimkataza kusimama, wakamletea bakuli asubuhi na jioni. Nyonga zake zilikuwa zimekwenda angani bila roketi.

Kinachosaidia huko juu ni mzigo. Tangu mwishoni mwa 2008 kituo kina mashine yenye silinda 2 zilizoondolewa hewa: unaweka nondo mabegani, unachuchumaa, na ukisimama silinda zinakuvuta chini kwa nguvu inayoweza kufika kilo 272. Ratiba huwatengea wanaanga kama saa 2 na nusu za mazoezi kwa siku. Aprili 2008, kabla mashine hiyo haijafika, Whitson alirudi na chombo kilichoshuka kwa mteremko mkali, mwili ukalemewa na uzito wake zaidi ya mara 8, wakatua Kazakhstan zaidi ya kilomita 400 kutoka walikotarajiwa. Nyonga zilizokaa miezi sita bila uzito zikadaiwa zote siku moja.

Nyinyi mlio chini, haraka haraka. Panda ngazi. Chuchumaa na kusimama, ukishika meza kama unayumba. Mgonjwa wa upasuaji asimame mara daktari akiruhusu, si mara shangazi akiruhusu. Kula dagaa na mifupa yake, kunywa maziwa, ota jua, acha sigara. Mama aliyekoma hedhi na kuvunjika kwa kujikwaa tu aombe kipimo cha msongamano wa mifupa. Ukiandikiwa dawa ya mifupa ya alendroneti, meza tumbo tupu na glasi nzima ya maji, usilale kwa nusu saa. Makongoro kunywa, na ndimu na pilipili, ila yafuate sokoni kwa miguu.