Ushirikiano wa Makanisa ya Kibaptisti katika Umisheni na Malezi ya Viongozi: Kettering, Serampore na Jamaika

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Methali hii hutumiwa mara nyingi kuwahimiza watu waungane, lakini haigusii swali linalozuka mara tu wanapokwisha kuungana: je, ni nani atakayeuongoza mkono wenye vidole hivyo? Swali hili lina uzito wa pekee kwa makanisa ya Kibaptisti kwa sababu, kwa msingi wa imani yao, hayana askofu wala baraza kuu lenye uwezo wa kuyaamrisha. Kila kanisa la mahali hujichagulia mchungaji na mashemasi, hujiwekea nidhamu na kumiliki mali yake. Hata hivyo, makanisa hayo hayo yalianzisha vyama vya umisheni vilivyofika Bara Hindi, visiwa vya Karibi na Afrika, yakafungua vyuo na mitambo ya kuchapisha vitabu.

Makala haya yanafafanua jinsi ushirikiano huo ulivyoanza, ulivyofanya kazi na ulivyokaribia kuvunjika. Hoja inayojengwa ni kwamba ushirikiano wa makanisa huru haupimwi kwa wingi wa fedha zinazochangwa pekee. Kipimo chake halisi ni iwapo wale wanaopelekewa ujumbe huja kuwa viongozi, na iwapo wanaotoa fedha huwa radhi kuwaachia uongozi huo.

Misingi ya Ushirikiano

Wabaptisti walichipuka Uingereza katika karne ya 17. Walijitenga na Kanisa la Kitaifa kwa kushikilia kwamba ubatizo ni wa mtu aliyeamini mwenyewe, wala si wa mtoto mchanga, na kwamba serikali haina mamlaka juu ya dhamiri ya mwanadamu. Mwaka wa 1644, makanisa saba ya London yalitia sahihi ungamo moja la imani. Ungamo hilo lilieleza kwamba ingawa kila kanisa ni mwili unaojitegemea, makanisa yote yanapaswa kushauriana na kusaidiana. Hapo ndipo ilipokuwa mbegu ya yote yaliyofuata: uhuru wa kila kanisa kwa upande mmoja, na wajibu wa kusaidiana kwa upande wa pili.

Kutokana na msingi huo, makanisa jirani yalijenga mazoea ya kuunda miungano ya kimaeneo. Wajumbe walikutana kila mwaka, wakasikiliza mahubiri, wakasuluhisha migogoro na kuchangia makanisa maskini. Muungano haukuwa na uwezo wa kumwachisha kazi mchungaji wala kulitoza kanisa kodi. Uliloweza kufanya ni kushauri na kuomba. Mwaka wa 1784, muungano wa Northamptonshire uliyaomba makanisa yake yatenge saa moja kila mwezi kwa maombi ya pamoja. Miaka minane baadaye, maombi hayo yalizaa chama.

Kettering, 1792

William Carey, aliyezaliwa mwaka wa 1761, alikuwa mshonaji viatu, mwalimu na mchungaji wa kijijini. Mwaka wa 1792 alichapisha kijitabu kilichoorodhesha nchi za dunia, idadi ya watu wake na dini zao. Katika kijitabu hicho alipendekeza chama kiundwe kwa mfano wa makampuni ya biashara: kuwe na kamati, mfuko na watu wa kutumwa. Alipendekeza pia kwamba kila mshiriki atoe walau peni moja kwa juma. Pendekezo hili halikuwa dogo. Ikiwa mchango ni peni moja, basi mtumishi wa nyumbani na mwenye shamba wote wana nafasi katika kazi hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tarehe 2 Oktoba 1792, wachungaji wachache na wenzao walikutana mjini Kettering katika nyumba ya mjane aliyeitwa Wallis. Ahadi zao, zilizowekwa katika kijaluba cha tumbaku ya kunusa, zilifikia pauni 13, shilingi 2 na peni 6. Andrew Fuller, mchungaji wa Kettering, alichaguliwa kuwa katibu. Fuller alizoea kuifananisha kazi hiyo na shimo refu la madini ambalo halijawahi kuchunguzwa: Carey alikubali kuteremka, nao wenzake wakaahidi kuishika kamba.

Fuller aliishika kamba hiyo kwa miaka 22. Alisafiri Scotland mara tano kutafuta michango, akaandika barua zisizohesabika na kuutetea umisheni mbele ya wapinzani wake, huku akiendelea kulichunga kanisa lake. Kwa kuwa hakukuwa na mamlaka ya kuyalazimisha makanisa kutoa, ilibidi imani ya watu ijengwe kwa habari za mara kwa mara na hesabu zilizo wazi. Katika mfumo wa hiari, taarifa kwa mchangiaji huchukua nafasi ya amri ya askofu.

Serampore: Kazi, Mfuko na Lugha

Carey aliwasili Bengali mwaka wa 1793. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki haikuwataka wamishenari, naye akalazimika kusimamia kiwanda cha nili ili apate riziki. Mwaka wa 1800 alihamia Serampore, mji uliokuwa chini ya Denmaki, akaungana na Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mpiga chapa. Hannah Marshman, mkewe Joshua, alianzisha shule ambazo karo zake zilisaidia sana kuiendesha kazi. Carey naye alifundisha Kibengali na Kisanskriti katika Chuo cha Fort William mjini Calcutta kuanzia mwaka wa 1801. Mapato yao yote yaliingia katika mfuko mmoja, na kila familia ikapewa posho ya matumizi. Kwa hivyo ushirikiano ulikuwa wa ngazi mbili: makanisa ya Uingereza yalishirikiana kutuma, na waliotumwa walishirikiana kuishi.

Ni muhimu kusisitiza kwamba kazi ya Serampore haikuwa ya wageni peke yao. Ramram Basu, aliyekuwa karani na mwalimu wa lugha wa Carey, aliandika mojawapo ya vitabu vya kwanza vya nathari ya Kibengali kupigwa chapa, nacho kilitolewa Serampore mwaka wa 1801. Panchanan Karmakar, fundi stadi, alichonga herufi za chapa za Kibengali na za lugha nyingine. Krishna Pal, seremala aliyebatizwa Desemba 1800, alikuja kuwa mhubiri. Bila watu hawa, Agano Jipya la Kibengali lisingetoka mwaka wa 1801.

Machi 1812, moto uliteketeza nyumba ya kuchapishia vitabu. Karatasi, herufi za chapa na miswada ya Carey viliangamia. Habari zilipofika Uingereza, makanisa yalichanga takriban pauni 10,000 katika muda mfupi. Ukilinganisha kiasi hiki na ahadi za Kettering, utaona jinsi imani ya wachangiaji ilivyokuwa imekua katika miaka 20.

Mwaka wa 1818, watatu hao walianzisha Chuo cha Serampore. Kilipokea vijana wa Kikristo na wasiokuwa Wakristo pia, na kililenga kufundisha fasihi ya Mashariki pamoja na sayansi ya Ulaya. Waasisi waliamini kwamba Bara Hindi lingehubiriwa na Wahindi wenyewe, na kwamba kiongozi asiyeijua fasihi ya watu wake hawezi kuwaongoza. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hoja hii haina ugeni. Kiongozi anayefundishwa kwa lugha ya kigeni peke yake hurudi kwa watu wake akiwa nusu mgeni.

Nani Mwenye Kamba?

Mtazamo huo haukuwapendeza wote. Ward alipozunguka Uingereza na Marekani kati ya mwaka wa 1819 na 1821 kukichangia chuo, baadhi ya watoaji wa Marekani walitaka fedha zao zitumike kwa theolojia pekee, zisiguse mafunzo ya sayansi. Carey alikasirishwa na sharti hilo. Suala halikuwa sayansi tu. Lilikuwa iwapo mtoaji aliye mbali ana haki ya kuamua mhubiri wa Bengali ajue nini na asijue nini.

Fuller alikuwa amefariki mwaka wa 1815. Kamati mpya haikuwa na urafiki wa kale na watu wa Serampore, nayo ilitaka iwe na usemi juu ya majengo na mali. Wamishenari wakajibu kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo ilinunuliwa kwa jasho lao wenyewe. Mwaka wa 1827 pande hizo mbili zilitengana, zikaja kuungana tena mwaka wa 1837, Carey akiwa ameshafariki tangu 1834. Kila upande ulikuwa na hoja yenye mashiko: kamati ilipaswa kuwajibika kwa makanisa yaliyotoa, nao wamishenari walijua hali ya mahali kuliko mtu yeyote aliyekuwa London. Kilichokosekana ni yale mazoea ya kuaminiana ambayo Fuller aliyadumisha kwa kalamu yake. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika mabishano hayo marefu kuhusu mali, sauti za wahubiri wa Kibengali hazikusikika sana.

Jamaika: Wapokeaji Wageukapo Watumaji

Historia ya Jamaika inalitazama suala hili kutoka upande wa pili. Kanisa la Kibaptisti huko halikuanzishwa na chama cha Uingereza. Lilianzishwa na George Liele, Mwafrika wa Georgia aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, ambaye alifika Kingston mwaka wa 1783, miaka 10 kabla Carey hajatia mguu Bengali. Kazi ilipokua na upinzani wa mabwana wa mashamba kuzidi, viongozi wa Jamaika waliomba msaada Uingereza, na mmishenari wa kwanza wa chama cha Kettering akawasili mwaka wa 1814. Aliyeomba ndiye aliyeanza kazi. Aliyetumwa alikuja kusaidia.

Baada ya watumwa kupata uhuru kamili mwaka wa 1838, makanisa ya Jamaika yalichukua hatua ya ujasiri. Mwaka wa 1842 yaliamua kujitegemea kifedha, yakaunda chama chao cha umisheni. Mwaka wa 1843 Chuo cha Calabar kilifunguliwa ili kuwaandaa wachungaji wenyeji pamoja na wahubiri wa kwenda Afrika. Jina lenyewe lilibeba historia: Calabar ni bandari ya Afrika Magharibi ambako Waafrika wengi walipakiwa merikebuni na kuuzwa.

Joseph Merrick, mzaliwa wa Jamaika, alifika kisiwa cha Fernando Po mwaka wa 1843, kisha akafanya kazi Bimbia katika pwani ya Kameruni, ambako alitafsiri sehemu za Biblia katika Kiisubu na kuendesha mtambo wa chapa hadi alipofariki mwaka wa 1849. Mwenzake, Joseph Jackson Fuller, alihudumu katika eneo hilo kwa zaidi ya miaka 40. Hawa walikuwa wana wa watumwa waliorejea katika bara la wazee wao wakiwa wametumwa na makanisa ya watu waliokuwa huru kwa miaka michache tu.

Hata hivyo, kujitegemea kulikuwa na gharama. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1846 kuhusu ushuru wa sukari iliudhoofisha uchumi wa Jamaika, na makanisa yakapata taabu kuwalipa wachungaji. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini anayeachwa peke yake wakati wa dhiki naye huteseka. Ushirikiano bora hauna budi kuepuka mambo yote mawili.

Marekani na Afrika Mashariki

Wabaptisti wa Marekani waliunda chama chao cha kitaifa cha umisheni mjini Philadelphia mwaka wa 1814. Mwaka wa 1845 kiligawanyika. Watu wa Kusini walidai kwamba mwenye watumwa anafaa kuteuliwa kuwa mmishenari, nao waliponyimwa haki hiyo walijitenga na kuunda jumuiya yao huko Augusta, Georgia. Mwaka wa 1995, jumuiya hiyo iliomba radhi hadharani kwa kuutetea utumwa. Tukio hili linaonya kwamba watu wanaweza kushirikiana kwa bidii kubwa ilhali msingi wa umoja wao una dhuluma.

Jumuiya hiyo hiyo ilianzisha mwaka wa 1925 mfumo wa mfuko wa pamoja. Kila kanisa hujiamulia sehemu ya sadaka litakayotuma kwa muungano wa jimbo lake. Jimbo nalo hubakisha sehemu na kupeleka iliyosalia katika ngazi ya taifa, ambako hugawanywa kwa umisheni na vyuo vya theolojia. Wamishenari wake walianza kazi Kenya na Tanganyika mwaka wa 1956, na mwaka wa 1962 chuo cha theolojia cha Kibaptisti kikafunguliwa Arusha. Maswali ya Serampore yalifika nao Afrika Mashariki: lugha ya kufundishia, umiliki wa mali, na wakati wa mgeni kumwachia mwenyeji usukani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba makanisa yasiyo na mamlaka ya juu yanaweza kutenda makubwa yanapounganishwa na hiari, taarifa za kweli na mchango ambao hata maskini anaumudu. Yameonyesha pia kwamba fedha zikitangulia kuaminiana, hata wanaokiri imani moja hutengana. Katika mifano yote iliyotajwa, jambo lililodumu kuliko majengo na mifuko ni watu walioandaliwa: wahubiri waliofahamu lugha na fasihi ya wenzao, na wapokeaji waliogeuka kuwa watumaji. Kamba ya Kettering ilikuwa na thamani kwa sababu ilimwezesha mtu kuteremka shimoni. Ingekuwa ya hasara kama ingetumiwa kumfunga aliyekuwa huko chini.