Silaha ya kumaliza dunia: Filamu zinasema moja, Mtabila ilijua jingine

KATIKA filamu ya Star Wars iliyotoka Marekani mwaka 1977, kituo cha kivita kinachoelea angani kinaachia mwali mmoja tu, na sayari nzima inasambaratika kufumba na kufumbua. Je, jambo hilo linawezekana?

Kwa mujibu wa fizikia, haliko hata karibu. Kuipasua dunia hadi vipande vyake visivutane tena kungehitaji nishati yote ambayo jua hutoa, kwa kila upande, kwa karibu wiki nzima. Bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, lile la Urusi ya Kisovieti la Oktoba 30, 1961, lilikuwa na nguvu ya tani milioni 50 za baruti ya TNT. Mabomu kama hilo yangehitajika milioni moja mara bilioni moja.

Hata hivyo, si kila kinachobuniwa na waandishi hubaki vitabuni. Mwaka 1914, Mwingereza H. G. Wells aliandika riwaya yenye mabomu aliyoyaita ya atomiki. Mwanafizikia Leo Szilard aliisoma mwaka 1932, na mwaka uliofuata akapata wazo la mpasuko wa atomu unaozaa mpasuko mwingine. Agosti 6, 1945, bomu la aina hiyo liliangushwa Hiroshima, Japani, na hadi mwaka huo unakwisha watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, jimbo ambalo wakati huo lilifika hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Leo dunia ina vichwa vya nyuklia takriban 12,000. Haviwezi kuivunja sayari, lakini moshi wa miji inayoungua unaweza kuzuia mwanga wa jua na kuharibu mavuno hata katika nchi zisizohusika na vita. Hilo ndilo tishio la kweli, ingawa watengenezaji filamu hawalipendi sana, pengine kwa sababu njaa haina mlio.

Lakini watu waliojaza kambi ya Mtabila, katika nyanda za juu za Kasulu mkoani Kigoma, hawakukimbia mwali wala atomu. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 21, 1993, na vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu 300,000 kwa zaidi ya muongo mmoja. Silaha zilikuwa bunduki, marungu na panga, lile lile ambalo mkulima wa Kibondo hufyekea shamba.

Rwanda ilionyesha jambo hilo kwa kiwango cha kutisha zaidi. Kuanzia Aprili 1994, katika siku 100 hivi, watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 au zaidi waliuawa. Idadi hiyo ni zaidi ya mara tano ya waliokufa Hiroshima, na wengi walikatwa au kupigwa kwa mikono ya watu waliowafahamu.

Hapo ndipo filamu zinapokosea zaidi kuliko katika hesabu za nishati. Ndani yake silaha hufanya kazi yote; mtu mmoja hubonyeza kitufe. Nchini Rwanda, kazi ilihitaji vizuizi barabarani, vitambulisho vilivyotaja kabila la mtu, viongozi wa mitaa waliojua nani anaishi wapi, na redio iliyohimiza mauaji kila siku. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha ilitambua uzito wa chombo hicho cha mwisho: Desemba 2003 iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na redio RTLM na gazeti la Kangura.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012, baada ya Warundi zaidi ya 30,000 kurejeshwa kwao.

Miaka mitatu kabla ya hapo, kambi ikiwa bado imejaa, nchi waliyoikimbia iliingia katika historia ya silaha kwa namna nyingine. Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulikuwa ukisubiri uridhiwe na nchi 28 ili uanze kutumika. Julai 15, 2009, nchi ya 28 iliwasilisha hati yake. Nchi hiyo ilikuwa Burundi.