Bei ya Pikapu Iko Chini

Anayekwenda kununua pikapu iliyotumika huangalia kwanza saa ya kilomita, akasikiliza injini, kisha akaizunguka bodi kutazama rangi. Muuzaji naye anayajua hayo, na ndiyo anayoyashughulikia kabla ya kulitia gari sokoni: saa hurudishwa nyuma, injini huoshwa na kumiminiwa oili nzito isisikike ikigonga, bodi hupigwa rangi upya. Kwa mnunuzi wa Msuka, kaskazini ya Pemba, mpangilio huo wa ukaguzi ni wa hasara. Injini, giaboksi, difu na hata bodi hupatikana za mtumba Unguja na Dar es Salaam, na fundi akazifunga. Chesisi haina soko la namna hiyo, kwani namba iliyogongwa juu yake ndiyo inayosomeka kwenye kadi ya gari. Ukiitupa, mbele ya sheria umelitupa gari lenyewe. Kwa hiyo bei ya pikapu pwani ile ni bei ya chesisi yake. Vilivyobaki ni matengenezo ambayo mtu anaweza kuyakadiria.

Sababu ni kazi yenyewe. Pikapu ya kijiji cha pwani hushuka dikoni kupakia dagaa, hurudi kinyumenyume hadi mchangani bahari inapokupwa ili wakulima wa mwani wasijitwishe magunia mabichi masafa marefu, kisha ikapanda kuelekea Konde huku maji chumvi yakichuruzika chini ya mzigo. Chesisi ya pikapu mara nyingi ni vyuma viwili virefu vyenye uwazi ndani na matundu madogo ya kutolea maji. Mchanga ukiyaziba, maji hubaki humo, na kutu huanzia upande asiouona mtu. Tena chumvi huvuta unyevu wa hewa, hivyo hata gari likiegeshwa wiki nzima bila kwenda pwani, chuma hakikauki sawasawa. Linaweza kuoshwa kila jioni likang'aa, ilhali linaliwa kwa ndani.

Tatizo hili si la Pemba peke yake. Novemba 2016, nchini Marekani, Toyota ilikubali kumaliza kesi iliyohusu takriban magari milioni 1.5, yaani pikapu za Tacoma na Tundra pamoja na Sequoia, ambayo chesisi zake zilikuwa zikiliwa na kutu. Gharama ilikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Baadhi ya magari hayo yalikuwa hayajatimiza hata miaka kumi. Kipimo walichokubaliana kinafikirisha: chesisi ikitoboka tundu la milimita 10 au zaidi, ibadilishwe. Kampuni yenye mitambo yote ile haikuridhika na kiraka. Na kule adui hakuwa bahari, bali chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Japani nayo humwaga chumvi katika maeneo ya theluji, kwa hiyo anayedhani kuagiza moja kwa moja kutoka huko kunamwepusha na kutu anajidanganya kidogo. Karatasi za mnada za Kijapani zina herufi zake, S kwa kutu na C kwa kutu iliyokwisha kula chuma. Mnunuzi asikubali kuonyeshwa picha na alama ya jumla tu, 4 au 3.5; adai karatasi nzima.

Ukaguzi wenyewe hautaki mitambo. Nyundo ndogo, bisibisi, tochi na mkeka wa kulalia vinatosha. Chuma kizima kikigongwa hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na bisibisi ikisukumwa huzama. Pa kuanzia ni pale chesisi inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, kisha vishikio vya springi, kisha mwanya ulio nyuma ya kibanda cha dereva ambamo udongo hujikusanya. Mabomba ya breki yafuatwe kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho. Lami mbichi iliyopakwa chini ya gari zima isimfurahishe mtu: aliyepaka bila kukwangua ameifungia kutu ndani, na aliyepaka wiki ya kuuza ana lake jambo. Injini ije baadaye. Iguswe kabla ya kuwashwa, maana ikiwa imekwisha kupashwa moto, ugumu wake wa kuwaka asubuhi umefichwa. Kifuniko cha oili kifunguliwe ikiwa inaunguruma, ionekane kama inapumua kwa nguvu. Moshi wa bluu ni wa injini inayokula oili. Suzuki Carry na ndugu zake wana la ziada. Vigari hivyo Japani vimewekewa kikomo cha kilo 350 za mzigo, na mifuko 10 ya saruji ni kilo 500. Mzigo wa kupita kiasi hupasua chuma, kwa hiyo humo nyufa zitafutwe kwa bidii ileile ya kutafuta kutu.

Watasema mafundi wanachomelea chesisi na magari yanatembea. Ni kweli, na bamba nene lililochomelewa kwenye chuma kizima linaweza kuishi miaka. Lakini kutu iliyoanzia ndani haina mpaka unaoonekana, na moto huunguza rangi ya ndani ambayo si rahisi kupakwa tena, hivyo pembeni mwa kiraka ndipo panapooza mwanzo. Anayelipa bei ya pikapu nzima kwa iliyotiwa viraka amelipa mara mbili. Anayelipa nusu, akijua, kwa kazi ya msimu mmoja wa karafuu, hajakosea.

Pingamizi zito zaidi si la kifundi. Vijijini gari huuzwa baina ya watu wanaojuana, na kulala chini ya gari la mtu na nyundo mkononi huonekana kama kumtuhumu. Fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Wapemba wengi, ina jibu. Mnunuzi ana khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichika iliyokuwapo kabla ya mauzo. Na tundu la kutu halizaliwi kwa wiki moja. Pia muuzaji na mnunuzi wanaweza kuwekeana khiyari ya sharti, yaani muda waliopatana wa kuweza kuvunja mauzo, usiozidi siku tatu. Ukaguzi ukitajwa humo, huwa sehemu ya makubaliano, na hakuna aliyetuhumiwa. Ila mahakama za kadhi Zanzibar hushughulikia ndoa, talaka, mirathi na yanayofanana na hayo, si magari. Kwa hiyo sharti liandikwe, pamoja na namba ya chesisi iliyosomwa kwenye chuma chenyewe na kulinganishwa na kadi, mashahidi watie saini, na sheha apewe nakala. Majaribio nayo yatajwe, muuzaji asije akadai kwamba kulitumia gari ni kuliridhia: fundi asiye wa muuzaji alipige nyundo, lipakiwe mzigo halisi hadi Konde na kurudi, halafu patazamwe chini kama magamba ya kutu yamedondoka pale chuma kilipochezacheza.