Msako wa kando: Istilahi ya gemu inayotafuta makao katika Kiswahili

“Nimemaliza gemu, lakini misheni ya yule mzee bado.” Kijana wa Kisii, Keroka au Nyamira aliyezoea michezo ya video ataielewa kauli hii papo hapo. Mwalimu wake wa Kiswahili huenda akakuna kichwa. Mchezo umemalizika vipi ilhali sehemu yake haijamalizika? Na je, hiyo “misheni” ni nini hasa? Makala ya leo yanajaribu kujibu maswali haya, kwa kuwa jibu lake linagusa uundaji wa istilahi na pia fasihi simulizi tunayoifunza shuleni.

Tuanze na dhana yenyewe. Katika kumbi za kulipia mijini, michezo inayopendwa zaidi ni ile ya kandanda. Sababu ni rahisi: mechi huisha upesi na mteja hulipia kadiri anavyocheza. Ipo aina nyingine ambayo haifai kabisa kwa kumbi hizo. Ni michezo ya uigizaji wa wahusika, ambayo huweza kuchukua makumi ya saa, na ndiyo maana mara nyingi huchezwa nyumbani. Mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani katika ulimwengu wa kubuni uliojaa falme, wachawi, mizuka na mazimwi. Kuna hadithi kuu ambayo lazima aifuate ili afike mwisho. Kando ya hadithi hiyo kuna visa vingine ambavyo anaweza kuvifuata au kuvipuuza.

Visa virefu zaidi miongoni mwa hivyo huwa ni vya mhusika mmoja mahususi: mwandani anayesafiri na shujaa, au mtu aliyekutana naye njiani. Muundo wake haubadiliki sana. Kwanza, mhusika huomba msaada au hufichua siri yake kidogo tu. Pili, mchezaji hutumwa hapa na pale, na kila hatua hufunua jambo jipya kuhusu maisha ya mhusika huyo. Tatu, uaminifu baina yao hukua au huvunjika kutegemea majibu na matendo ya mchezaji. Nne, hufika mahali pa kuamua, na uamuzi ukishafanywa hakuna kurudi nyuma, labda uanze upya pale ulipohifadhi mchezo. Aidha, baadhi ya michezo hufunga mlango: hadithi kuu ikivuka kituo fulani, kisa cha kando kinapotea. Ulichelewa, basi.

Mfano maarufu umo katika The Witcher 3: Wild Hunt, mchezo uliotolewa mwaka wa 2015 na kampuni ya CD Projekt Red ya Poland, ukitokana na ulimwengu wa vitabu vya Andrzej Sapkowski. Shujaa wake, Geralt, anamtafuta msichana aliyemlea, Ciri. Anafika kwa mtawala mmoja, Phillip Strenger, ambaye anajua habari za Ciri lakini hataki kuzitoa bure. Mke na binti yake wametoweka. Watafute kwanza, anasema, ndipo tuongee. Kadiri Geralt anavyotafuta, ndivyo anavyogundua kwamba wawili hao hawakutekwa. Walimkimbia mlevi aliyekuwa akimpiga mkewe hadi mimba ikaharibika.

Geralt akishapewa habari za Ciri, hadithi kuu inaweza kuendelea. Hatima ya familia ile huachwa kwa hiari ya mchezaji: arudi kinamasini na yule mume kumtafuta mkewe, au aende zake. Na hatima yenyewe hutegemea uamuzi alioufanya mapema kuhusu roho iliyofungwa chini ya mti. Akiifungua, mayatima waliokuwa mikononi mwa wachawi wanaokoka, lakini mke anakufa na mume anajinyonga. Akiiua, mke anaishi akiwa amerukwa na akili, mume anampeleka mbali kutafuta mganga, na mayatima ndio wanaoangamia. Kuwaokoa wote si jambo rahisi.

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu aliyesoma fasihi simulizi atakutambulia utanzu huu. Ni ngano ya mtanziko. Katika ngano za aina hii, mhusika hujipata kwenye njia panda ambapo kila njia ina hasara yake, na fanani huwageukia wasikilizaji kuwauliza: ungekuwa wewe, ungefanyaje? Tofauti ni kwamba kwenye ngano hadhira hujibu kwa maneno na mjadala ukaendelea hadi usingizi. Kwenye mchezo wa video hadhira hujibu kwa kidole, kisha huonyeshwa matokeo ya jibu lake.

Hata ule mtindo wa kisa ndani ya kisa si mgeni kwetu. Wasomaji wa Alfu Lela U Lela wanajua jinsi hadithi moja inavyozaa nyingine kabla ya ya kwanza kuisha. Nazo ngano za Abagusii, kama za Wabantu wengine, zina safari za kumtafuta aliyepotea, na mazimwi yanayomngoja msafiri njiani. Dhana tunayo. Kinachokosekana ni jina.

Sasa basi, tuiiteje? Wachezaji wamekwisha kujichagulia “misheni”. Utasikia mmoja akisema “amenipea misheni”, pale ambapo Kiswahili sanifu kingetaka “amenipa”. Neno hili lina faida ya kueleweka upesi. Hata hivyo, katika eneo la Gusii misheni ni neno lenye wenyewe. Mzee ukimwambia unaenda misheni, atafikiria Nyabururu ya Wakatoliki au Nyanchwa ya Waadventista. Fauka ya hayo, misheni huashiria kazi uliyotumwa na mkubwa wako. Kisa cha kando hakitumwi. Huombwa, na unaweza kukataa.

Pendekezo la pili ni “kazi ya ziada”. Hili tulitupilie mbali. Kwa mwanafunzi wa Kenya, kazi ya ziada ni ile anayobebeshwa na mwalimu kwenda nayo nyumbani, na hakuna mtoto atakayeikimbilia kwa furaha.

Pendekezo la tatu, na ninaloliunga mkono, ni “msako”. Neno hili limetokana na kitenzi saka, kwa maana ya kutafuta au kuwinda. Limeundwa kwa kupachika kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni, kama tunavyopata mchezo kutokana na cheza na mtego kutokana na tega. Liko katika ngeli ya U-I: msako huu, misako hii. Tena wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamelizoea kitambo, wanapozungumzia motifu ya safari na msako. Wapo watakaopinga kwamba kwenye taarifa za habari msako ni wa polisi, hasa dhidi ya pombe haramu. Ni kweli. Lakini neno kuwa na maana zaidi ya moja si dosari, na muktadha huitenganisha maana moja na nyingine bila taabu.

Tukilikubali, istilahi nyingine zinajipanga zenyewe: msako mkuu, msako wa kando, na kwa kile kisa kirefu cha mhusika mmoja anayeandamana na shujaa, msako wa mwandani. Hapo hatujakopa hata neno moja jipya.

Turudi kwenye kauli tuliyoanza nayo. Kiswahili hutofautisha kumaliza na kukamilisha, ingawa katika mazungumzo tunavichanganya. Kumaliza ni kufika mwisho wa jambo. Kukamilisha kumejengwa juu ya kamili: ni kulifanya jambo liwe zima, lisipungue. Mchezaji anaweza kumaliza mchezo kwa kufika mwisho wa msako mkuu pasipo kuukamilisha, kwa kuwa misako ya kando imebaki. Kwa hiyo kijana wetu hakujikanganya hata kidogo.

Je, Kiswahili kinaweza kuubeba mchezo mzima? Jibu limekwisha kutolewa. Mnamo Aprili 2024 kampuni ya Surgent Studios, inayoongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ilitoa Tales of Kenzera: ZAU. Mchezo huo unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kuu, naye arudishiwe marehemu babake. Msako, kwa kila maana ya neno.

Kwa watu wa Kisii na Nyamira kuna jambo kubwa zaidi ya istilahi. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffrey Northcote, mtawala wa Kiingereza ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona, na serikali ya kikoloni ikalipiza kisasi kwa kuua watu, kuteka ng'ombe na kuchoma nyumba. Nyuma ya Otenyo alikuwapo Moraa, nabii na mganga wa Kitutu aliyewahimiza vijana kupigana. Katika simulizi nyingi za tukio hili, Otenyo hupewa kurasa na Moraa akapewa sentensi mbili tatu. Alijua nini kuhusu wageni hao? Alipoteza nini baada ya kisasi kile? Alijibuje wazazi wa vijana waliokufa?

Maswali hayo ndiyo huzaa msako wa mwandani. Mbunifu wa gemu anayemfanya Otenyo kuwa shujaa wa msako mkuu atalazimika kuamua kama Moraa atakuwa mtu wa kupita tu, au mhusika ambaye mchezaji hukaa naye saa nzima akimsikiliza. Vijana wenye ujuzi wa kuunda programu wapo katika vyuo vyetu, na wazee wanaokumbuka walichosimuliwa bado wapo Manga na Kitutu, ingawa wanapungua kila mwaka. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuanza hata bila kompyuta: wape wanafunzi ngano moja ya kwao, wamchague mhusika mdogo, kisha waandike msako wake wa kando, pamoja na njia panda moja isiyo na jibu rahisi.