Chakula cha Bure kwa Watoto Wote: Wamarekani Hupigaje Hesabu?

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili kama wanafunzi wote, wa bweni na wa kutwa, wapewe chakula cha mchana bila malipo. Mimi nilisimama upande wa kukubali. Nilisema sana habari za njaa, kwa kuwa naijua: katika shule ya msingi niliyosoma zamani, majina ya waliolipa pesa za uji yalisomwa kila siku saa nne, na sisi ambao hatukutajwa tulibaki darasani tukijifanya twamalizia hesabu. Nikapigiwa makofi. Kisha mwenzangu wa upande wa pili akauliza neno moja tu, “Nani atalipa?” Nikakosa la kusema, na tukashindwa vibaya.

Swali lile halikuniacha. Nikaanza kutafuta ni wapi watoto wa wilaya nzima hulishwa bure, tajiri kwa maskini, na fedha hutoka wapi. Nimeona kwamba Wamarekani wanayo njia inayostahili kuelezwa, maana ni ya werevu, ingawa haikosi kasoro.

Serikali yao ilianza kusaidia chakula cha mchana shuleni kwa sheria aliyoitia sahihi Rais Harry Truman mwaka 1946. Chakula cha asubuhi kilifuata kwa majaribio kwa sheria ya mwaka 1966. Lakini hakikuwa cha bure kwa wote. Mzazi alijaza fomu kueleza mapato yake, na watoto wakawa mafungu matatu: wa bure, wa kulipa kidogo, na wa kulipa bei kamili. Shule nyingi zingali zikifuata njia hiyo hata leo.

Ubaya wake ni ile fomu. Mzazi asiyesoma Kiingereza vema, au aonaye haya, au aogopaye kuandika mambo yake kwa serikali, hairudishi. Basi mtoto huhesabiwa kuwa wa kulipa, na asipolipa huandikiwa deni. Katika shule nyingine mtoto mwenye deni alinyang’anywa sinia yake mbele ya wenzake, chakula kikatupwa, naye akapewa mkate baridi wenye jibini. Chakula kilichokwisha pikwa! Mambo hayo yalichukiza watu hata jimbo la New Mexico likayapiga marufuku kwa sheria mwaka 2017.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Sheria ya mwaka 2010 ilileta kanuni mpya, ikajaribiwa katika majimbo machache kuanzia mwaka 2011, na mwaka 2014 ikafunguliwa kwa nchi nzima. Shule, au wilaya nzima ikitaka, huacha kabisa fomu. Badala yake huhesabu watoto ambao serikali imekwisha kuwatambua: wale ambao jamaa zao hupokea msaada wa chakula, wasio na makao, wanaolelewa na walezi walioteuliwa na serikali, na wengine wa namna hiyo. Idadi hiyo huzidishwa kwa 1.6, kwa sababu inajulikana kwamba wako maskini wengi wasiomo katika orodha yoyote.

Natoa mfano. Tuseme watoto waliotambuliwa ni 50 katika kila 100. Zidisha kwa 1.6, utapata 80. Basi katika kila sahani 100 serikali kuu italipia 80 kwa kiwango kikubwa, na 20 zilizobaki kwa kiwango kidogo sana. Upungufu huo ni juu ya wilaya, nayo huutafutia fedha kwingine. Waliotambuliwa wakifika 62.5 katika 100, sahani zote hulipiwa kwa kiwango kikubwa. Watoto wote hula asubuhi na mchana, wala hakuna aulizwaye jina la baba yake.

Chicago iliingia katika mpango huu mwaka 2014. New York, iliyokuwa na wanafunzi zaidi ya milioni moja wakati huo, ilitangaza chakula cha mchana cha bure kwa wote mwezi wa Septemba 2017.

Mwenzangu wa mdahalo atasema: kwa nini kumlisha mtoto wa tajiri? Mimi nami niliona hivyo kwanza. Lakini fikiri: kumtafuta huyo tajiri kwahitaji fomu, karani, na mtu wa kudai madeni mlangoni. Tena wala wanapokuwa wengi, mshahara wa mpishi ni ule ule, na gharama ya kila sahani hupungua. Zaidi ya hayo, wote wakila, foleni haimtangazi mtu.

Kasoro nazo zipo. Tangu mwaka 2023 wilaya yaweza kuingia ikiwa na 25 tu katika 100, ambapo zamani ilitakiwa 40. Lakini 25 mara 1.6 ni 40, na sahani 60 zitakazobaki ni mzigo mzito, kwa hiyo wengine huogopa. Tena hesabu yote yategemea orodha za msaada. Serikali ikizipunguza, hesabu hushuka, hata kama njaa haikushuka.

Na hapa kwetu Uganda? Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 yaweka chakula cha mwanafunzi miongoni mwa wajibu wa mzazi, kwa hiyo hakuna wa kutulipia hata zile sahani 80. Hapo mwenzangu bado ana haki ya kuuliza swali lake. Lakini mdahalo utarudiwa muhula huu, na safari hii sitaenda na hadithi ya uji peke yake. Nimekwisha kumwomba mtunza ghala aniambie gunia moja la unga wa posho hulisha wangapi, na maharagwe kiasi gani, na wanafunzi wa kutwa wanaokaa chini ya mwembe saa ya chakula nimewahesabu mwenyewe. Ni 31.